Isale Nililopewa Kwenye Mnara wa Taa

Mimi ndiye yule mtu mnayemkasirikia msibani. Mtu akianza kusimulia habari za bundi aliyelia juu ya paa usiku ule marehemu alipoaga, mimi ndiye ninayeuliza: na usiku mwingine bundi huyo alikuwa halii? Nani alikuwa macho kumsikiliza? Mama amenikanyaga mguu mara nyingi kwa sababu ya maswali ya namna hiyo. Chuoni nilisoma mambo ya mazingira, hasa udongo na maji, na nilitoka huko nikiwa siamini kitu kisichoweza kupimwa, au angalau kupigwa picha.

Kwa hiyo ninapowaambia kwamba haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwa bado linaonekana, tumbo likiwa limeshiba na akili zikiwa zangu, mjue sina faida yoyote ya kuyasema. Nimepoteza haki ya kuwacheka watu wa bundi. Hiyo peke yake ingetosha kunifanya ninyamaze. Lakini yalitokea, na Rehema ni shahidi.

Rehema ni rafiki yangu tangu sekondari. Kwao ni Pasua, baba yake ni fundi magari, na yeye mwenyewe mwaka jana alipata wazo la kutembeza wageni. Si wageni wa mlimani. "Kila mtu Moshi anauza mlima," aliniambia. "Mlima umechoka kuuzwa. Mimi nitauza huko chini." Mpango wake ulikuwa wa siku moja: asubuhi chemchemi ya Chemka, mchana mashamba ya mpunga ya Mabogini, jioni ziwa la Nyumba ya Mungu na mnara wake wa taa wa zamani. Akaniomba twende tuijaribu njia hiyo kwanza, yeye akiwa dereva, mimi nikiwa mgeni. "Utauliza maswali yote ya kijinga ambayo wazungu watauliza," alisema, "nijizoeze."

Nilipokwenda kumuaga Bibi, nilimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori. Bibi Ndeshi ndiye aliyemzaa mama yangu, na naishi naye Old Moshi, juu kabisa, tangu nilipomaliza chuo na kuanza kusubiri kazi. Nikataja ziwa. Kisu kikasimama.

"Kuna mzee huko kwenye mnara," akasema. "Ukimwona msalimie kama unavyowasalimia wazee wote. Usimwambie wewe ni wa nani."

"Kwani ni nani?"

"Ni mwenye nyumba hii."

Nilijua kwamba Bibi alikuwa na mdogo wake wa kiume, Babu Elinami, na kwamba jina hilo halitajwi mezani. Siku hiyo ndipo aliponieleza sababu. Bonde la kule chini lilipofurika maji, miti ilibaki imesimama humo ndani, imekufa, na wavuvi waliorudi jua likizama walikuwa wanapasua mitumbwi yao kwenye visiki. Ndipo ukajengwa mnara mdogo wa mawe wenye taa, na Elinami akapata kazi ya kuiwasha. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa huko. Bibi, ambaye alikuwa mjane na amerudi nyumbani kumuuguza mama, akatuma mtu amwite. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali na mitumbwi mingi ilikuwa bado majini. Elinami hakuiacha taa.

Kwa ukoo wetu, mzazi akizikwa, kitindamimba wa kiume ndiye anayetia udongo wa kwanza. Watu wakasubiri mpaka jua likaanza kushuka. Mchungaji akaangalia saa. Mwishowe Bibi alichukua jembe, mwanamke, mbele ya ukoo mzima, akautia yeye. Elinami alipofika kaburi lilikuwa limeshanyeshewa.

Sehemu iliyofuata niliijua tayari, maana ukoo mzima unaijua, japo kwa kunong'ona. Kwa asiyelijua, isale ni mmea wenye majani marefu, unaoota kwenye mipaka ya vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba ya ukoo, na juu ya makaburi. Ukimkosea mtu mpaka maneno yamekuishia, unafunga fundo kwenye jani la isale na kumpelekea. Halikataliwi. Hata mtu aliyeuliwa ndugu yake akilipokea, ugomvi umekwisha. Babu Elinami alituma isale kwa mkono wa wazee wa ukoo. Bibi hakujibu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na tangu hapo kila mmoja yuko kwake, yeye juu kwenye migomba na mdogo wake chini kwenye mbu.

Mwaka huu miguu ya Babu ilianza kuvimba, akaomba kurudi nyumbani. Nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba, kila mtu analijua hilo, na ndiyo hiyo Bibi anayoishi. Bibi aliwaambia wazee: "Nyumba ni yake, aje. Akiingia mlango wa mbele mimi natoka wa nyuma." Angekwenda wapi katika umri ule? Hakuna aliyethubutu kumtoa jikoni mwake. Na hakuna aliyeweza kulala vizuri akifikiria yule mzee atakufa peke yake kando ya maji. Mambo yakabaki hivyo, yanaoza.

Basi, tukaenda. Chemka nilitumbukiza miguu kwenye maji ya buluu na samaki wadogo wakaila ngozi ya visigino, nikauliza swali la kijinga kama wanauma. Mabogini tulitembea juu ya matuta katikati ya mpunga, watoto wakifukuza ndege kwa makopo. Ziwani tulifika alasiri. Ramani inaliita bwawa, lakini siku ya vumbi ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, unaona maji yameungana na mbingu na visiki vyeusi vimechomoza kama watu wanaooga. Rehema akanunua perege wa kukaanga kwa mama mmoja chini ya kibanda cha makuti.

"Mzee wa taa yupo?" nikamuuliza yule mama.

"Yupo kwake, pale nyuma. Miguu haimruhusu ngazi tena. Vijana wa mitumbwi ndio wanaopokezana kuwasha."

"Na kufuta kioo?" Rehema akauliza, kwa sababu kioo cha juu kilikuwa kinang'aa hata kwa mbali, na vumbi la huko mnalijua.

Yule mama akageuza samaki. "Hakuna anayekumbuka kufuta. Lakini hakichafuki."

Nikasema labda ni upepo. Rehema akaniambia upepo ndio unaoleta vumbi, mtaalamu.

Mnara wenyewe si mrefu. Una mlango mmoja tu, chini, na ngazi za mawe zinazozunguka ndani. Rehema akakaa kizingitini na karatasi yake ya samaki. "Nenda wewe uliyesoma," alisema. "Mimi na perege wangu tutalinda mlango."

Nikapanda peke yangu.

Juu kulikuwa na chumba kidogo chenye madirisha pande zote, na katikati taa kubwa ya kioo. Na kulikuwa na bibi mmoja anakifuta kioo kwa pindo la kanga yake. Hakunishtua hata kidogo. Bibi wa kawaida, wa aina ninayoiona kila siku kwetu asubuhi akitoka kukata majani ya ng'ombe: kilemba, sweta zito la sufu limefungwa vifungo mpaka shingoni, mabuti ya mpira. Alinuka moshi wa kuni na zizi. Kitu kimoja tu kilinifanya nitazame mara ya pili, nacho ni matope ya kwenye yale mabuti. Kule ziwani udongo ni mweupe, una chumvi, unapasuka kama sahani. Matope yale yalikuwa meusi, mazito, mabichi, yana vipande vya majani ya mgomba. Udongo ule nimeuchimba, nimeukausha, nimeandika tasnifu nzima juu yake. Unatoka juu kwetu. Nikajiambia amepanda gari la asubuhi. Lakini gari la asubuhi lingemfikisha na matope makavu, sivyo? Hilo nililifikiria baadaye.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mama. Pole na ngazi. Wewe ni wa nani?"

Bibi alinikataza kumwambia yule mzee. Huyu hakuwa yule mzee. "Wa Bibi Ndeshi," nikasema, "wa Old Moshi."

Mkono ukaacha kufuta. Akanitazama usoni muda mrefu, kwa furaha ambayo sikuielewa, kama mtu anayeonyeshwa mtoto mchanga.

"Ndeshi! Bado mbishi?"

"Sana."

"Alizaliwa hivyo. Alitanguliza miguu. Na wewe umechukua paji lake la uso, pole."

Nikacheka. Nikamuuliza kama ni jirani wa Babu Elinami. Akasema amekuja kumsaidia, maana miguu imemshinda na kioo kikiwa kichafu watu wa mitumbwi hawaoni kitu. Nikamuuliza kama hasikii joto na sweta lile. Akasema siku hizi yeye anasikia baridi popote. Mazungumzo ya kawaida kabisa, niaminini. Nilijisikia kama niko jikoni kwetu. Ndiyo maana hata aliposema lile neno nililipokea kama utani tu.

"Siku ile Ndeshi alikasirika," alisema, akiendelea kufuta. "Ule udongo wa kwanza hakuutia, aliutupa. Bonge zima. Mwambie lilikuwa zito."

Nikadhani alikuwepo mazishini. Si kila mtu huwepo mazishini kwetu?

Kisha akaingiza mkono wa kushoto ndani ya sweta, akatoa jani la isale lililofungwa fundo. Lilikuwa limelowa. Si maji ya kumwagiwa, lilikuwa na umande, matone yamekaa yenyewe kwenye mstari wa katikati, na ilikuwa jioni, na huko chini hakuna umande.

"Mpelekee Ndeshi. Usiliweke chini. Na umwambie safari hii hakuna mbuzi."

"Mbuzi gani, Bibi?"

"Yeye anajua."

Nikalipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa. Sikuuliza linatoka kwa nani. Mimi, ninayeuliza kila kitu! Lilikuwa la baridi mpaka vidole vikaniuma. Nikamuaga, nikamwacha pale pale anafuta kioo, nikashuka.

Rehema alikuwa anamalizia kichwa cha samaki. "Kumbe Kichagga unakijua hivyo," akasema.

"Kichagga gani?"

"Si ulikuwa unaporomosha Kichagga huko juu? Nimekusikia hapa. Miaka yote unanidanganya unajua kusalimia tu."

Ninajua kusalimia, majina ya vyakula na matusi mawili matatu. Na nakumbuka kila neno tulilosema kule juu, na nalikumbuka kwa Kiswahili. Nikamwambia Rehema aache masihara, nilikuwa naongea na bibi mmoja kutoka kwetu.

"Bibi gani? Hapa hajapita mtu."

"Alikuwa ameshapanda kabla yetu."

"Basi tumpe lifti," Rehema akasema, maana ndivyo alivyo, akanyanyuka akafuta mikono na kupanda. Nikamsikia anaita hodi. Akashuka haraka kuliko alivyopanda, mkono mmoja ukutani, na hakuwa anatania tena. "Hakuna mtu," alisema. "Kioo kimelowa. Twende."

Rehema aliendesha kwa kasi mpaka tukaona taa za Moshi. Isale lilikuwa mapajani mwangu. Sikuliweka chini.

Bibi alikuwa amenitunzia mtori. Aliona nilichoshika kabla sijasalimia, akakunja uso.

"Amekupa Elinami?"

"Hapana. Sikumwona. Amenipa bibi mmoja, huko mnarani. Amesema anatoka huku kwetu." Alikuwa hajanyoosha mkono, kwa hiyo nikaharakisha. "Amesema safari hii hakuna mbuzi."

Bibi akakaa kwenye kigoda. Akaniangalia, akaangalia mlango, akaniangalia tena. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko nikaona machozi, na sikujua nimshike au nimwache.

"Walipoleta lile isale," alisema alipoweza, "nilikuwa nimeshasamehe, mjukuu wangu. Nilisamehe palepale nilipoliona. Lakini nikawaambia wazee nendeni, nitajibu kesho. Nilitaka Elinami alale usiku mmoja bila jibu, asikie uchungu kidogo. Nikaliweka kwenye jiwe pale nje, ninawe mikono nikamkamue ng'ombe. Nageuka, mbuzi analimalizia."

"Mbuzi alikula isale?"

"Mpaka fundo."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Isale limeliwa na mbuzi? Nani angeamini? Wangesema nimemlisha. Kukataa isale ni aibu, lakini kumlisha mbuzi isale, hiyo ni laana. Nikasema nitanyamaza, ataleta jingine. Na yeye akanyamaza, anangoja jibu." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Tumezeeka tukingojeana."

Nikauliza swali langu, maana nisingeweza kulala bila kuliuliza. Nani mwingine alijua habari za mbuzi?

"Mbuzi," Bibi akasema. "Na huyo tulimchinja Krismasi."

Halafu akaniuliza yule bibi alitumia mkono gani. Nikamwambia wa kushoto. Nikamwambia pia lile la bonge la udongo kuwa zito. Bibi hakucheka tena. Ni mwimbaji wa kwaya ya akina mama usharikani, hajawahi kuniambia neno lolote la mizimu maishani mwake, na hata siku hiyo hakulisema. Alisema tu, "Mama ametembea." Akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea isale, na nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Kesho mkamlete," alisema.

Tulimleta kwa gari la baba yake Rehema. Babu Elinami alikaa mbele, amevaa koti la suti, bakuli na blanketi lake miguuni. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka kama aliwahi kumtuma bibi mmoja wa mabuti ya mpira, kama anajua lolote kuhusu mbuzi. Hakujua. Alidhani nimechanganyikiwa na joto. Tulipopita Mabogini na hewa ikaanza kupoa, akafunga kioo cha dirisha, kisha akakifungua tena akatoa uso nje.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Mlango wa mbele.

"Umechelewa," alimwambia.

"Taa," Babu akasema.

"Najua."

Hayo ndiyo maneno yote. Nilitegemea hotuba, ukoo wetu unapenda hotuba. Bibi alimshika mkono wakazunguka nyuma ya nyumba, mpaka kwenye kaburi la mama yao lililozungukwa na masale, nasi tukawafuata. Babu alipiga magoti kwa shida kubwa. Akachimbua udongo kwa vidole, ule mweusi, mbichi, akaujaza kiganjani.

"Taratibu," Bibi akamwambia. "Mimi nilimrushia bonge."

Akaunyunyiza taratibu, kama mtu anayetia chumvi.

Nimejaribu kuyaeleza, msifikiri sikujaribu. Joto. Mwanamke wa kwetu aliyeolewa huko chini. Bibi kuzungumza usingizini, nami kuyasikia bila kujua. Kila maelezo yanachukua kipande kimoja na kuacha vingine. Isale lenyewe Bibi alilitundika juu ya mlango wa jikoni, mahali ambapo jani lolote lingekuwa limekauka zamani kwa moshi. Bado ni kijani. Nimekata kipande kidogo nikakitazama kwa kioo cha kukuzia. Ni jani la isale. Sina la kuongeza.

Wale wazee wawili wanagombana kila siku, kuhusu redio, kuhusu chumvi, kuhusu nani alimwangusha nani kwenye mfereji wakiwa wadogo, na kila ugomvi unaishia kwa kicheko. Mama anasema hajawahi kumsikia Bibi akicheka hivyo.

Na Rehema amepata wageni wake. Kila anapowapeleka mnarani hubeba kitambaa na chupa ya maji, na ananilalamikia kwa simu. Tangu Babu aondoke, kioo kinachafuka kama kioo kingine chochote. Yule aliyekuwa anakifuta hana tena mtoto huko chini wa kumfuata.

Kwa hiyo nawaonya, ninyi wenzangu mnaopenda kuuliza. Mkienda ziwani, na mkapanda ule mnara, na mkakuta mtu amevaa sweta kwenye joto lile, msalimieni vizuri. Lakini akitoa jani, ulizeni ni la nani kabla hamjanyoosha mikono, maana mkishalishika mmeshaingia kwenye ugomvi wa watu na hamtoki mpaka uishe. Na kama kuna mtu kwenu anangoja jibu lako, usimlaze hata usiku mmoja ili aone uchungu. Mjibu ukiwa umelishika isale mkononi. Usiliweke kwenye jiwe eti unanawa kwanza. Mbuzi hawasubiri.